Spika Mpya za Shemeji

Kwa kuwa nashinda garini kutwa nikisambaza mikate, watu huniuliza kama kuna haja ya mtu anayependa muziki kutia pesa kwenye spika nzuri za gari. Huwa nawajibu palepale: ipo, tena kubwa. Anayesema redio iliyokuja na gari inatosha, huyo anapenda kelele tu, muziki hajaujua. Nyumbani kuna watoto, kuna televisheni, kuna jirani anayegonga mlango kuazima chumvi. Ndani ya gari ukishapandisha vioo, ni wewe na mwimbaji. Mtu anayetumia nusu ya maisha yake barabarani anastahili kusikia gitaa likilia kama gitaa, si kama bati linalokwaruzwa. Hayo ndiyo maoni yangu na siyabadilishi. Ila kila nikishayatoa, namkumbuka shemeji yangu, na maneno yananiishia.

Shemeji, mume wa dada yangu mkubwa, ni fundi wa redio za magari. Mtaani wanamwita Sikio. Ufundi aliuanzia kwenye benchi la mjomba wake, mzee mkali aliyekuwa akitengeneza redio zile kubwa za mbao. Mjomba alikuwa akimwekea mbele redio mbovu na kumkataza kushika bisibisi. "Isikilize kwanza," anamwambia. "Itakwambia yenyewe inaumwa wapi." Kijana wa watu anakaa na sikio lake kwenye mbao, anasikiliza mkwaruzo, mpaka aseme waya upi umeachia. Akikosea anaanza upya. Ndivyo alivyofundwa.

Dada alimpata kupitia redio vilevile. Alikuja nyumbani kwetu kutengeneza redio ya baba, akaja tena na tena. Siku moja baba akamuuliza, "Kijana, hii redio ina ugonjwa gani usiopona?" Shemeji akashikwa na haya mpaka bisibisi ikamdondoka. Baba hakuwa mjinga, alijua vizuri kwamba ugonjwa haukuwa wa redio. Posa ilipoletwa hakuna aliyeshangaa.

Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba yao. Kina mlango wa chuma wa kukunja, sakafu ya saruji yenye madoa ya mafuta, na vifuniko vya ndani vya milango ya magari vimeegemezwa ukutani. Humo mna harufu ya gundi na risasi ya kuchomelea. Nyuma ya pazia ndipo dada anaposhonea nguo, na cherehani yake imetazama ukuta wenye dirisha kwa sababu ya mwanga. Kwa hiyo mume anamtengenezea mtu redio, mke anamshonea mtu gauni, na kati yao kuna pazia tu.

Sikio ana utaratibu wake wa kazi, na kwa utaratibu huo amewafukuza wateja wengi. Hakubali kufunga spika mpya kabla ya kutengeneza mlango. Anaugonga kwa kiungo cha kidole, anasikiliza, anatikisa kichwa. Anaubandika mpira na zulia ndani mpaka uache kutetemeka. "Spika ya bei mbaya kwenye mlango unaocheza ni pilau kwenye sahani chafu," anasema. Akija kijana anayetaka mdundo wa kupasua vioo, anamuuliza, "Unataka muziki au unataka jirani ahame?" Wengine walicheka wakabaki, wengine walinuna wakaenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara.

Kazi ikiisha, anakaa kiti cha dereva, anafunga milango na kufumba macho. Mteja anakaa pembeni na haruhusiwi hata kukohoa. Anapiga nyimbo zake zilezile, anashusha hiki, anapandisha kile, kidogo kidogo, mpaka uso wake ulainike. Halafu anasema, "Imekaa." Akishasema imekaa, hakuna ubishi. Nimewahi kumwona mwanamume mzima, dereva wa lori, anatokwa na machozi ndani ya gari lake mwenyewe kwa sababu alikuwa amesikia kwa mara ya kwanza mwimbaji akivuta pumzi kabla ya ubeti.

Basi miaka hii miwili mambo yakaanza kuharibika.

Wa kwanza kuniambia alikuwa mwalimu wa kwaya, ambaye hununua mikate yangu. "Bwana mikate," akasema, "shemeji yako amenitengenezea gari la kunolea visu. Wanakwaya wangu wa sauti ya kwanza wakiimba humo, masikio yanachomwa." Nikamjibu kwa hasira kwamba Sikio hakosei, labda akaitazame kwaya yake. Tukaachana vibaya, akahamia mikate ya mtu mwingine. Lakini nikirudi garini kwangu, ambako spika alinifungia Sikio mwenyewe, nilijua mwalimu anasema kweli. Spika ndogo za juu, zile za sauti nyembamba, zilikuwa zinapiga kelele kama mtoto aliyebanwa kidole. Nilikuwa nimezibandika vipande vya sponji tangu zamani na sikumwambia. Wengine nao walikuwa wanaziba kimyakimya. Kila mtu alimheshimu mno, na heshima nyingine ni woga tu uliopigwa pasi.

Sikio mwenyewe alikuwa anazilaumu spika mpya. "Siku hizi hawatengenezi spika, wanatengeneza makopo," alilalamika. "Zimekufa juu. Hazina uhai." Akabadilisha spika za gari lake mwenyewe. Miezi ikapita akazing'oa, akaweka nyingine bora zaidi. Halafu akaagiza za tatu, za hali ya juu kabisa, na pesa iliyotoka ni ile waliyokuwa wameiweka kwa ajili ya paa la jiko. Mvua ikinyesha dada anapika huku ameweka beseni pembeni, na nje kwenye gari mume amefumba macho anatafuta uhai wa spika.

Siku moja dada akanifuata kiwandani kwetu wakati napakia mikate. Dada yangu ana sauti ndogo, nyembamba, na kwa kazi yake ya kushona mara nyingi ana pini midomoni, kwa hiyo wengi tumezoea kumsogelea ili tumsikie. Siku hiyo hakuwa na pini.

"Mdogo wangu, nataka unibebee vitu vyangu Jumamosi," akasema. "Narudi kwa mama."

Nikaweka kreti chini. "Kakupiga?"

"Angenipiga ningejua kwamba ananiona." Akafuta vumbi lisilokuwepo kwenye gauni lake. "Kuna kiwanda cha nguo kiliniita. Walitaka niwe msimamizi wa wakataji vitambaa. Mshahara, bima, kila kitu. Nikamwambia jioni, yeye anakunja waya zake. Nikamuuliza, baba watoto, niende au nisiende? Unajua alinijibu nini? 'Weka hapo mezani.'"

"Weka nini mezani?"

"Ndiyo hivyo. Weka hapo mezani. Nikasema labda amechoka, atafikiri, atanijibu kesho. Nikangoja. Wewe unanijua, siwezi kuchukua kazi kubwa namna ile bila neno la mume wangu, ningeonekana nimempanda kichwani. Nilivyokuwa nangoja, nafasi wakampa mtu mwingine. Na wiki ileile akaleta spika."

 Akaendelea mwenyewe.

"Miaka miwili naongea na mgongo wake. Namsalimia haitikii. Namwita haitiki. Binti yetu akipiga simu ananipa mimi, eti mtandao mbaya. Muziki anausikiliza mpaka anafumba macho, mimi hata nusu ya sikio sipati. Jana nimemwambia naondoka, naenda kwa mama. Akasema, 'Nisalimie mama.'"

Hapo machozi yakamtoka, na mimi damu ikanichemka. Nilimpenda shemeji, lakini damu nzito kuliko maji. Nikamwambia gari lipo, Jumamosi asubuhi nakuja.

Ijumaa mchana nikaenda kwa Sikio kugombana naye. Nilichagua wakati ambao dada alikuwa amepeleka nguo za wateja. Kwa kuwa mtu huwezi kuanza ugomvi mikono mitupu, nilijipa kisingizio cha spika ya kushoto iliyokuwa inakwaruza. Nikang'oa sponji zangu njiani ili nisiumbuke.

Alinipokea vizuri, jambo ambalo lilinikera zaidi. "Shemeji! Leo umekumbuka ndugu?" Akafungua mlango wa gari, akakuta skrubu imelegea, akaikaza. Nikawa nazungusha maneno kichwani, nianzie kwenye paa la jiko au kwenye kile kiwanda. Akaingia kiti cha dereva, mimi nikaingia pembeni. Akafunga vioo, akaegemeza kichwa, akafumba macho kama kawaida yake.

"Piga ule wa dansi," akasema.

Wimbo huo anaujua kuliko anavyolijua jina lake. Ni wa bendi moja ya zamani, na unaanza na manyanga peke yake. Anayapiga mtu mmoja tu, taratibu, kama mchele unaopepetwa kwenye ungo, halafu ndipo gitaa linaingia. Nikabonyeza. Manyanga yakaanza, makali mpaka nikakunja uso.

"Bonyeza basi," akasema Sikio.

Nikamgeukia. Macho ameyafumba, uso umetulia, anangoja. Manyanga yanapiga juu ya kichwa chake, sentimita chache kutoka sikioni.

"Shemeji, bonyeza. Au redio imegoma?"

Gitaa likaingia. Uso wake ukalainika. "Haa, ndiyo hiyo," akasema. "Imechelewa kidogo, hizi redio zenu za siku hizi." Akanyoosha mkono akapandisha sauti nyembamba tena, akaongeza na nyingine, mimi nimeuma meno. "Umesikia? Juu hakuna kitu. Makopo."

Ugomvi wote ukaniyeyuka tumboni. Nikashuka, nikajidai nakagua tairi, nikazunguka mpaka nyuma yake alipokuwa ameshuka kuchukua bisibisi. Mimi nina sauti ya pipa, mama alikuwa akisema nilizaliwa nimeshabalehe. Nikaikamua mpaka ikawa nyembamba kama ya dada, nikasema, "Shemeji, nyumba inaungua." Akaendelea kuchagua bisibisi. Nikarudia. Akachukua aliyoitaka, akageuka, akashtuka kunikuta pale. Macho yake yakaenda moja kwa moja mdomoni mwangu. Na hapo nikakumbuka kwamba miaka hii yote tukiongea alikuwa ananitazama mdomo, nami nilidhani anashangaa pengo langu.

"Shemeji," nikasema kwa sauti yangu mwenyewe, "husikii."

"Nasikia. Nina mafua tu."

"Manyanga yalianza zamani. Ulikuwa unaniambia nibonyeze na yanapiga."

Alikaa juu ya tairi la akiba lililokuwa sakafuni. Mzee wa watu alikaa polepole, kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba ambao alikuwa anautarajia. Bisibisi aliipitisha kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Mimi tu, na nimejua sasa hivi."

"Basi iishie hapo. Mtu akijua, nimekwisha. Fundi gani anaitwa Sikio na hasikii? Watanicheka mpaka watoto."

"Shemeji, kesho nimetumwa kubeba vitu vya mkeo."

"Vitu gani? Si anakwenda kumsalimia mama?"

"Anahama."

Nilimwambia yote. Habari ya kiwanda peke yake niliiruka, kwa sababu niliona ni ya dada kuisema. Alinitazama mdomo mpaka nikamaliza. Nilidhani atasimama, atamtafuta mkewe mtaani. Hakusimama.

"Usimwambie," akasema.

"Unasemaje?"

"Bora aniache akijua mimi ni mtu mbaya. Akikaa kwa kunihurumia, nitakuwa mzigo. Mume kiziwi, kazi imekufa, paa linavuja. Mwache aende na hasira zake, zitamsaidia."

Hapo hasira yangu ikarudi, sasa ikiwa na sababu nyingine. Nikamwambia kwamba nimewahi kuona wajinga, lakini mjinga mwenye huruma ndiye mbaya kuliko wote, kwa sababu anakuumiza na bado anajipongeza. Nikamwambia mdomo ni wake na mke ni wake, mimi sitamsemea. Kesho nakuja na gari, akipenda aseme, akipenda ameze. Nikaondoka nimebamiza mlango ambao alikuwa ameutengeneza mwenyewe, na hata nilivyoubamiza haukutoa kelele.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilitaka kumpigia dada simu. Nilishika simu nikaiweka, kwa sababu siri ya mtu ya namna ile si mkate wa kusambaza.

Jumamosi nikaenda. Dada alikuwa ameshafunga vitu vyake: sanduku moja, cherehani, robota la vitambaa na godoro dogo la kwake, lile alilotoka nalo kwetu. Nikapakia. Majirani wakawa na kazi nyingi ghafla mbele ya nyumba zao. Huyu anafagia palipofagiliwa, yule anamwagilia maua ya plastiki. Sikio alikuwa amesimama kwenye mlango wake wa chuma, mikono nyuma. Dada hakumtazama. Alipanda mbele, akafunga mkanda, akasema, "Twende."

Nikawasha gari. Nikalizima. Nikawasha tena. Gari langu asubuhi ile lilipata ugonjwa wa ghafla ambao dawa yake nilikuwa naijua mimi peke yangu. Nilikanyaga klachi, nikachezea gia, nikalalamika. Dada akanitazama kwa jicho la pembeni. Kisingizio kilipoanza kuniishia na nimeshaweka gia ya kweli, Sikio akaja dirishani kwa dada.

"Zima gari," akaniambia. Nikazima kwa furaha ambayo niliificha.

"Mama watoto, nitazame."

Dada akatazama mbele.

"Sisikii," Sikio akasema.

Alisema kwa sauti kubwa. Mtaa mzima ulisikia, na yule wa maua ya plastiki akaacha kumwaga maji. Nadhani alikusudia. Jambo alilokuwa akilificha kuliko pesa alilitoa hadharani ili asiweze kulirudisha tena mfukoni.

Dada akageuka. "Husikii au hutaki kusikia?"

Sikio alimtazama midomo. "Rudia."

Ulimi uliniwasha nirudie kwa niaba yake. Niliuuma. Dada akarudia polepole.

"Sisikii," Sikio akasema. "Na wewe ndiye nisiyekusikia kuliko wote. Huyu ndugu yako namsikia hata akiwa kwake. Wewe naona midomo tu, na ukiwa na pini hata hiyo midomo siielewi."

"Tangu lini?"

"Sijui. Vitu vilikuwa vinapungua kidogo kidogo. Kwanza manyanga, halafu matoazi, halafu ndege wa asubuhi. Nikadhani ni spika. Nikabadilisha spika. Nikabadilisha tena." Akashika ukingo wa dirisha. "Halafu na wewe ukapungua. Nikadhani umeninunia. Nikasema labda ni kosa langu, labda amechoka na mimi, nikawa naogopa kuuliza."

Mimi nilikuwa natazama usukani kama nimeuona leo.

"Nilikuuliza habari ya kazi," dada akamwambia, tena uso kwa uso.

"Kazi gani?"

Nimesikia watu wakilia, nimesikia watu wakitukanana, lakini sijawahi kusikia maneno mawili yakimwingia mtu mwilini namna ile. Dada akashika kichwa kwa mikono yote miwili. Nilidhani analia, kumbe anacheka, halafu nikaona ni vyote viwili. "Uliniambia weka mezani," akasema.

"Nilijua ni chai," akasema Sikio. Na yeye uso ukamvunjika. "Kazi gani, mama watoto? Kazi gani?"

Dada akafungua mkanda.

"Kesho kutwa tunakwenda kwa daktari wa masikio," akamwambia. "Na hizo spika zako zinauzwa."

"Na wateja je? Si umesikia nilivyosema mbele za watu?"

"Watakaokwenda waende. Watakaobaki, nitakuwa nakaa mimi humo garini nisikilize. Muziki wenyewe siupendi, lakini masikio ninayo."

Akashuka. Akasimama mbele yake, karibu, mahali ambapo jua lilikuwa linampiga usoni ili aonekane vizuri, akaanza kumweleza. Alianzia kwenye kile kiwanda, nani alimpigia simu, walisema nini, mshahara ungekuwa kiasi gani. Akaenda kwenye mambo ya binti yao, yale aliyosema kwenye simu zilizokuwa na mtandao mbaya. Kila akimaliza jambo, Sikio anaitikia kwa kichwa, na mara nyingine anasema rudia, naye anarudia.

Hakuna aliyekumbuka kwamba nina mikate inayochacha. Nilishusha robota, nikashusha sanduku, nikaibeba cherehani peke yangu mpaka nyuma ya pazia, mgongo unalia. Niliporudi kuchukua godoro walikuwa bado wamesimama palepale, dada hajafika hata katikati ya mwaka wa kwanza.